Monita ya mtoto inapokusumbua: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Monita ya mtoto ina kazi moja: sauti ya mtoto aliyelala chumbani ikufikie uliko, iwe jikoni, sebuleni au uani. Ikishindwa, wazazi wengi hukilaumu kifaa na kununua kingine. Kipya nacho husumbua vilevile, kwa sababu kasoro ilikuwa ukutani, kwenye umeme au mahali kilipowekwa. Kwa hiyo kabla ya lolote fanya jaribio hili. Weka kifaa cha mtoto na kifaa cha mzazi katika chumba kimoja, mita 3 hivi kati yake, vyote vikiwa vimechomekwa kwenye umeme. Washa redio kwa sauti ndogo karibu na kifaa cha mtoto, uviache dakika 10. Visipokatika, vifaa ni vizima na tatizo liko njiani, kati ya chumba na chumba. Vikikatika hata hapo, chunguza adapta, betri au kifaa chenyewe.

Jua pia unayo aina gani, maana dawa ya moja si dawa ya nyingine. Kuna monita za sauti tupu, ambazo nyingi hutumia teknolojia ya simu za mezani zisizo na waya, yaani DECT. Kuna za video zenye skrini yake maalumu, zinazorusha kwa masafa ya redio ya 2.4 GHz bila kuhitaji intaneti. Kisha kuna kamera za Wi-Fi zinazotazamwa kwenye simu, ambazo ndizo zimejaa maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli, Nairobi, kwa sababu ya bei.

Sauti inakatika, au kifaa cha mzazi kinalia kwamba kimepoteza mawasiliano

Boksi limeandikwa mita 300. Ni kweli, lakini uwanjani, pasipo kitu katikati. Ndani ya nyumba boksi hilohilo huandika mita 50, na hata hizo zimepimwa kwenye nyumba za kuta nyepesi. Nyumba ya tofali za saruji za inchi 6, yenye nguzo za zege na nondo, hula mawimbi vibaya. Kinachoua zaidi ni chuma: mlango wa bati, grili, friji, kabati la chuma, kioo kikubwa cha kujitazamia chenye rangi ya fedha nyuma, hata tangi la maji. Chora mstari wa moja kwa moja kutoka kifaa cha mtoto hadi ulipo na uhesabu unapita nini. Mara nyingi ukisogeza kifaa cha mtoto nusu mita, mstari ukapitia mlangoni badala ya kupita kwenye nguzo, tatizo linakwisha. Kiinue pia, kiwe mita 1 hadi 1.5 kutoka sakafuni. Juu ya kabati ni pazuri kuliko nyuma ya kitanda.

Kama monita yako ni ya 2.4 GHz na hukatika jioni tu, wanaogombana ni mawimbi. Saa hizo majirani wote wako kwenye Wi-Fi, na maikrowevu hufanya kazi kwenye masafa hayohayo. Itenge na ruta kwa mita 2 au zaidi. Ingia kwenye ruta, uiwekee chaneli maalumu kati ya 1, 6 na 11, ile yenye majirani wachache, badala ya kuiacha ijichagulie. Simu na televisheni za nyumbani zihamishie 5 GHz ili 2.4 ipumue. Monita ya DECT haiguswi na vurugu hizi, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuichagua ikiwa unaishi kwenye fleti zilizobanana.

Lakini angalia DECT hiyo imetoka wapi. Ya Ulaya hutumia 1880 hadi 1900 MHz. Ya Marekani, inayoandikwa DECT 6.0, hutumia 1920 hadi 1930 MHz, na hapo ndipo simu zetu za mkononi hurushia mawimbi ya kwenda kwenye mnara wa 3G. Ukiiwasha hapa inaweza kukoroma kila simu iliyo karibu inapotuma, na yenyewe inaweza kuuvuruga mnara wa mtandao wa simu wa mtaani kwako. Ndugu yako aliye Minneapolis au Toronto akitaka kukuletea zawadi, mwombe alete nguo za mtoto. Monita nunua huku, au iletwe kutoka Uingereza au Ulaya.

Mluzi mkali unaotoboa masikio

Hapo vifaa viwili vimekaribiana mno. Spika ya kifaa cha mzazi inasikika kwenye maikrofoni ya kifaa cha mtoto, sauti inazunguka na kukua. Vitenganishe mita 3 au zaidi, punguza sauti ya kifaa cha mzazi, funga mlango. Kwa kamera ya Wi-Fi, mluzi huja ukifungua simu ukiwa chumbani mwa mtoto.

Mtoto analia, kifaa kiko kimya

Hii ni dalili mbaya kuliko zote, maana hakuna taa inayokuonya. Monita nyingi za sauti hulala mpaka zisikie kelele ya kiasi fulani, ndipo zifungue. Kiasi hicho kikiwa kikubwa mno, kilio cha kwanza, kile cha kugugumia, hakipiti. Tafuta kwenye menyu sehemu ya wepesi wa kusikia au VOX, uiweke juu kabisa, kisha ushuke ngazi moja moja hadi ifae. Njia ya kupima: mtu azungumze kwa sauti ya kawaida mahali kichwa cha mtoto hulala. Ikifungua kwa sauti hiyo, kilio hakitapita bila kusikika.

Tatizo la pili ni kinyume chake. Pangaboi, feni ya mezani, mvua kwenye mabati na jenereta ya jirani huifanya monita isilale kabisa. Mzazi huchoka na uvumo usiokwisha, akapunguza sauti, na mtoto akilia hasikiki. Usipunguze sauti, kihamishe kifaa. Feni isielekezwe kwenye maikrofoni, maana upepo ukiigonga moja kwa moja hutoa ngurumo kubwa kuliko sauti ya feni yenyewe. Kifaa kikae mita 1 hadi 2 kutoka kwa mtoto, upande usio na feni. Mvua kubwa ya masika juu ya bati lisilo na dari haina dawa ya monita: usiku huo mtoto alale ulipo.

Kamera inakataa kuunganishwa na Wi-Fi

Kamera nyingi za bei ya kawaida zinajua 2.4 GHz peke yake. Ruta za kisasa huunganisha 2.4 na 5 chini ya jina moja, simu yako ikashika 5, na kamera haioni kitu. Ingia kwenye ruta, tenganisha majina mawili, unganisha simu kwenye 2.4, ndipo uanze. Ikikataa bado, angalia aina ya ulinzi: ruta iliyowekwa WPA3 tupu hukataliwa na kamera za zamani, kwa hiyo chagua WPA2 au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Nenosiri lenye nafasi au alama za ajabu nalo husumbua. Libadilishe liwe la herufi na tarakimu, refu.

Kama kamera inasoma msimbo wa QR kutoka kwenye simu, ongeza mwanga wa skrini hadi mwisho, shika simu sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye lenzi, uisogeze taratibu mbele na nyuma. Toa ile plastiki nyembamba inayofunika lenzi. Inasahaulika sana.

Imeunganishwa lakini simu haiioni mkiwa nyumba moja? Pengine umeiweka kwenye mtandao wa wageni, ambao kwa kawaida hukataza vifaa visionane.

Arifa haziji, au zinakuja mtoto ameshanyamaza

Kamera ya Wi-Fi huchelewa, kwa kawaida sekunde 1 hadi 5. Huo ni mwendo wake. Ikizidi hapo au arifa isipokuja kabisa, mshukiwa wa kwanza ni simu. Simu za Android, hasa Tecno, Infinix, Itel na Xiaomi, huzima programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia ili kulinda chaji. Ingia kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu ya kamera, iruhusu itumie betri bila kizuizi na ijiwashe yenyewe. Kisha jaribu kwa njia ya kweli: funga skrini, iache simu mezani dakika 30, ndipo mtu apige makofi karibu na kamera. Jaribio la dakika 2 litakudanganya, kwa sababu simu huanza kuzima programu baada ya kukaa kitambo bila kuguswa.

Angalia pia saa. Programu hupanga ratiba kwa saa za kizungu, na eneo la saa la kamera likibaki la China, arifa za usiku zitakuja mchana. Weka UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki. Na unapotaka ulinzi uanze saa 2 usiku, andika 20:00. Anayeandika 02:00 amepanga saa 8 usiku wa manane, na mtoto amelala saa 6 nzima bila arifa.

Arifa zikiwa nyingi mno bila sababu, futa lenzi. Wadudu huvutwa na mwanga na joto la kamera, buibui huwafuata, na uzi mmoja wa utando mbele ya lenzi usiku huonekana mkubwa kama kamba inayorukaruka.

Usiku picha inakuwa nyeupe, mtoto haonekani

Hapa kwetu chanzo karibu kila mara ni chandarua. Kamera huona gizani kwa taa ndogo za infraredi zinazozunguka lenzi. Mwanga huo, ambao jicho halioni, hugonga nyuzi za chandarua zilizo karibu, hurudi kwenye lenzi na kuijaza weupe. Kuongeza ubora wa picha hakusaidii. Kununua kamera ghali zaidi nako hakusaidii.

Kuna njia tatu. Ya kwanza, na bora, ni kuzima infraredi kwenye menyu ya kamera na kuweka taa ndogo ya usiku chumbani, ya rangi ya chungwa au nyekundu, ya wati 1 hivi, upande wa pili wa kitanda au pembeni, isimulike chandarua kutoka upande wa kamera. Picha itakuwa na chembechembe lakini mtoto utamwona. Ya pili, weka kamera juu ukutani itazame chini kwa pembe, isikitazame kitambaa moja kwa moja. Ya tatu ni kutumia taa ya infraredi ya peke yake, iliyotengwa na kamera kwa mita 1 au zaidi. Weupe wa namna hiyohiyo hutokea kamera ikitazama kupitia kioo cha dirisha, au ukuta mweupe ukiwa sentimita chache kutoka kwenye lenzi.

Njia ya nne, ambayo wengi huifikiria kwanza, ni kuingiza kamera ndani ya chandarua. Usifanye hivyo. Waya wake ni kitanzi. Mwaka 2011 nchini Marekani monita za video milioni 1.7 zilitolewa tahadhari na tume ya usalama wa bidhaa baada ya watoto wawili kunyongwa na nyaya zake, mmoja wa miezi 10 na mwingine wa miezi 6. Kiwango kilichowekwa ni futi 3, yaani sentimita 91, kati ya waya na kitanda. Sisi tunasema pima mita 1 kwa futi kamba, na upime ukiwa umenyoosha mkono kutoka ukingoni, kwa sababu mtoto anayeanza kusimama hufika mbali kuliko unavyodhani. Waya upigwe vishikizo ukutani kila sentimita 30, usiachwe ukining'inia, na usipite nyuma ya kitanda hata kama ndiko soketi iliko. Soketi ikiwa nyuma ya kitanda, hamisha kitanda. Mtoto anayelala na mama yake kwenye kitanda kikubwa yumo kwenye sheria hiyohiyo.

Haiwaki, inajizima, au imetoa harufu ya kuungua

Soma maandishi madogo kwenye adapta. Ikiwa pameandikwa INPUT 100–240V, ni salama kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240. Ikiwa ni 120V tu, imetoka Marekani na itaungua, pengine ndani ya sekunde chache. Usiitupe monita, tafuta adapta nyingine. Mambo manne yalingane: volti za kutoka ziwe zilezile, ampea ziwe sawa au zaidi, mkondo uwe DC kama ulivyo kwenye ya awali, na alama ya chanya na hasi kwenye ncha iwe ileile. Kamera za USB za volti 5 ni rahisi zaidi, ila chaja iwe na uwezo wa ampea 1 au 2. Kamera inayojizima usiku tu, pale infraredi inapowaka, inakuambia kwamba chaja ni dhaifu au waya ni mrefu na mwembamba mno. Waya wa mita 5 wa bei ya chini huangusha volti kiasi cha kuizima.

Kifaa cha mzazi kinachokaa na chaji saa 1 baada ya kuzoea saa 10 kimechoka betri. Nyingi ni betri za AAA za kuchajiwa, aina ya NiMH, za volti 1.2; badilisha zote kwa pamoja. Usitie betri za kawaida za volti 1.5 kisha ukachomeka chaja: zitavuja au kupasuka. Ukiona uchafu wa kijani au mweupe kwenye vichuma, na kwa wakazi wa Unguja, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam chumvi ya hewani huuleta upesi, chovya kijiti cha pamba kwenye siki, safisha, futa kwa spiriti, acha kikauke kabisa.

Umeme ukikatika, kamera ya Wi-Fi hufa pamoja na ruta, na ukirudi ruta huchukua dakika 2 hadi 3 kusimama. Pawabenki ya mAh 10,000 ina wati-saa (Wh) 37, na baada ya upotevu hubaki kama Wh 31. Kamera ya wati 3 itakwenda nayo saa 10 hivi. Infraredi ikiwaka na matumizi yakafika wati 5, saa 6. Hakikisha pawabenki haizimi inapotoa umeme kidogo, na iweke mbali na kitanda kama waya. Kwa ruta nunua UPS ndogo, yaani betri ya akiba, yenye tundu la volti 12, na ukumbuke kwamba kisanduku cha faiba nacho kinahitaji umeme. UPS ya mAh 8,800 itaibeba ruta ya wati 8 kwa saa 3 na kidogo. Angalia unachomeka wapi: tundu la volti 24 litaiua ruta ya volti 12 papo hapo.

Mahali ambapo umeme hukatika kila wiki, DECT yenye betri pande zote mbili ni chaguo la busara kuliko kamera yoyote.

Bando linaisha kabla ya mwezi

Video ya Mbps 1 hula MB 450 kwa saa; usiku wa saa 9 ni GB 4. Jaribu hili: ukiwa nyumbani, chomoa waya wa intaneti kwenye ruta, acha Wi-Fi ikiwaka, fungua kamera. Picha ikiendelea, kamera na simu zinazungumza ndani kwa ndani na bando haliguswi. Ikikatika, kila dakika unayotazama inapita nje ya nyumba. Punguza ubora wa picha uwe wa chini (SD), zima uhifadhi wa mtandaoni, rekodi kwenye kadi ya kumbukumbu, au sikiliza sauti tu.

Mkeka wa pumzi unalia bila sababu, au haulii kabisa

Mikeka inayowekwa chini ya godoro hulia isipohisi mwendo kwa sekunde 20 hivi. Ikilia ovyo, godoro ni laini au nene mno, au mtoto amejiviringisha pembeni. Weka ubao mgumu chini ya mkeka. Lakini feni inayotikisa kitanda, au mzazi aliyelala godoro hilohilo, huufanya mkeka uhisi mwendo usio wa mtoto, na hapo hautalia hata pakiwa na hatari. Kwa familia zinazolala na mtoto, mkeka huo hauna maana, msinunue. Miongozo ya mwaka 2022 ya chama cha madaktari wa watoto cha Marekani inasema vifaa vya nyumbani vya kupima pumzi na mapigo visitegemewe kupunguza vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Mlaze chali, kwenye godoro gumu, bila mto wala blanketi zito. Mtoto aliyezaliwa njiti, au anayebadilika rangi akilala, apelekwe kliniki.

Kamera inageuka yenyewe, au unasikia sauti ya mtu

Ichomoe kwanza, maswali baadaye. Kisha irudishe kwenye hali ya kiwandani kwa kubonyeza kitundu cha RESET kwa pini sekunde 5 hadi 10, weka nenosiri jipya usilolitumia kwingine, washa uthibitisho wa hatua mbili na usasishe programu ya kamera. Kirusi cha Mirai mwaka 2016 kiliteka kamera na ruta kwa maelfu kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani kama admin na 12345, na sheria ya Uingereza iliyoanza Aprili 2024 imepiga marufuku kuuza vifaa vya namna hiyo. Maduka yetu bado yanaviuza, hivyo kazi ya kubadilisha ni yako. Angalia pia orodha ya waliopewa ruhusa ndani ya programu: dada wa kazi aliyeondoka mwaka jana huenda bado anaona chumba.

Kwa kamera ya mtumba au ya kurithi, uliza kabla hujalipa kama muuzaji ameitoa kwenye akaunti yake. Asipofanya hivyo, nyingi zitakataa akaunti yako hata baada ya RESET, na ni yeye tu anayeweza kuifungua. Afanye mbele yako, nawe uiunganishe na simu yako palepale.